Nyuma Kweupe, Kaka

Jina la Klachi alipewa na mafundi, na hawakumpa kwa kumsifu. Alikuwa hawezi kukaa kimya akisikia mtu anaunguza klachi. Anaweza kuwa amekaa zake anakunywa chai, pikipiki ya mtu asiyemjua ikapita inanguruma bure, naye akaweka kikombe chini, akamfuata dereva wake mpaka aliposimama na kumwambia, "Unaichinja hiyo." Wengine walimtukana, wengine walimsikiliza. Jina likabaki, mkewe akalizoea, na hata mganga mkuu wa hospitali akawa anamwita hivyo hivyo mbele ya wageni.

Kazi yake ilikuwa kubeba damu. Alikuwa mwendesha pikipiki wa hospitali, na nyuma ya kiti chake kulikuwa na sanduku la baridi lililokazwa kwa mipira, ndani yake damu ya kuwaongezea wagonjwa, au chupa za sampuli zinazokwenda maabara kubwa. Kiangazi vumbi, masika tope. Alikula ujana wake wote kwenye kazi hiyo na hakuwahi kuvunja hata chupa moja. Hilo alilisema, na alilisema mara nyingi, na aliyechoka kulisikia alikuwa na ruhusa ya kuhama kiti.

Mdogo wake alikulia juu ya pikipiki hiyo. Wazazi walipofariki, mmoja nyuma ya mwenzake kabla machozi ya kwanza hayajakauka, Klachi ndiye aliyebaki kuwa baba na mama. Kila asubuhi alimpeleka mtoto shule kabla ya kwenda kazini. Pikipiki ya wakati ule ilikuwa kuukuu, vioo vya pembeni vilishavunjika, na kila vikibadilishwa vinavunjika tena kwenye vichaka. Basi mtoto aliyekaa nyuma ndiye aliyekuwa kioo. Kazi yake ilikuwa kugeuka, kuangalia na kusema. Kukiwa na kitu kinakuja anasema, "Gari, Kaka." Kukiwa hakuna anasema, "Nyuma kweupe, Kaka." Hapo Klachi anakata kona bila kugeuza shingo. Ukimwuliza mbona hageuki, alikuwa anakushangaa wewe. Ageuke wa nini na mtu wake yuko nyuma?

Nawaomba mlishike hilo la shingo, maana huko ndiko alikokuja kuumizwa.

Mdogo alisoma, akasafiri, akatulia ugenini, akaoa, akapata vibali vyote vya kuishi. Akafungua na shughuli yake: gari moja la mizigo, lile la mlango wa kusukuma ubavuni, na mkataba wa kuchukua mashuka machafu kwenye hoteli na hospitali, kuyapeleka kiwanda cha kufulia na kuyarudisha yamepigwa pasi. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Habari zilikuwa zile zile za afya, mvua na watoto, mpaka Jumapili moja akaja na jipya.

"Kaka, njoo huku. Hospitali za huku zina waendesha pikipiki wa kubeba sampuli. Kazi yako ile ile, ila barabara ni lami tupu na mshahara hauchelewi. Wewe na leseni yako ya miaka yote hiyo, unabadilisha tu, unaanza."

"Wanabadilisha hivi hivi?"

"Ndiyo sheria yao. Unawapa ya kwenu, wanakupa ya kwao. Ila lazima uwahi. Ukishapata kibali cha kuishi kuna muda umewekwa, ukikupita hawakusikilizi tena, unaanzia darasani na watoto wanaojifunza."

Klachi akalipeleka shauri kwa mama watoto. Mama watoto alikuwa anachambua mchele, na aliendelea kuchambua.

"Mdogo wako ana maneno matamu tangu akiwa mtoto," alisema.

"Yule nimemlea mimi."

"Sijasema hukumlea."

Hapo mazungumzo yakaishia, kwa sababu kwa Klachi jibu lilikuwa limeshatolewa. Kiti chake hospitalini akamwachia mwenzake, funguo za pikipiki akampa, akamwonya kuhusu klachi, akaondoka.

Ofisi ya leseni ya huko, waliyoiendea mara kibali chake cha kuishi kilipotoka, ilikuwa chini ya jengo refu la kijivu. Viti vya plastiki vilikuwa vimefungwa kwa boliti sakafuni, kana kwamba kuna mtu mwenye akili zake angetaka kuviiba. Unachukua namba, unakaa, unatazama ubao wa taa ukiita namba za watu wengine. Klachi alivaa shati lake la heshima. Leseni ilikuwa mfuko wa ndani: kijitabu kilicholika pembe, chenye picha ya kijana mwenye nywele ambazo mwenyewe alishaziaga. Ndani mlikuwa na mihuri miwili. Mmoja wa gari, alioupata zamani ili aendeshe gari la wagonjwa siku dereva akiugua. Mwingine wa pikipiki. Kwa Klachi leseni ilikuwa huo wa pikipiki, na ule wa gari aliuona kama nyongeza ya muuza nyanya.

Lugha ya pale hakuijua zaidi ya salamu na kuomba radhi. Kwa hiyo mdogo ndiye aliyekuwa mdomo wake.

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo. Alikifungua kijitabu, akageuza kurasa, akauliza jambo. Mdogo akajibu. Akauliza tena, safari hii akimtazama Klachi mwenyewe. Akainua vidole viwili, akakunja kimoja, nyusi zikapanda. Hata kiziwi angejua pale pana swali, na Klachi alijua. Mdogo akacheka kidogo, akasema maneno mafupi, akampigapiga kaka yake begani kwa mapenzi. Yule mama akaendelea kumtazama Klachi kwa muda, kisha akagonga muhuri.

"Anasemaje?" Klachi akauliza.

"Anasema sawa. Weka sahihi hapa, Kaka."

Akaweka sahihi pale kidole cha mdogo kilipoonyesha. Mnaweza kumcheka. Mimi nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilimcheka, kisha nikanyamaza, maana ningefanya vile vile. Kumhoji mdogo wako mbele ya watu, tena watu wa nje, tena akiwa ndiye mwenyeji wako, ni kumvua nguo hadharani. Klachi hakulelewa hivyo, na hakumlea mtu hivyo. Alisema moyoni kwamba atamwuliza wakifika nyumbani. Nyumbani kulikuwa na shemeji, na chakula, na watoto wa mdogo wanaompanda mabegani wakimwita Baba Mkubwa, na swali likapotelea hapo.

Kijitabu chake kilitobolewa tundu kwa mashine kikatupwa kwenye trei pamoja na vya wengine. Alikisindikiza kwa macho mpaka yule mama alipoita namba nyingine.

Baada ya muda kadi ikaja kwa posta. Ngumu, inang'aa, picha nzuri, upara wote umetoka. Kwa nyuma kulikuwa na mchoro mdogo wa gari. Klachi akaigeuza na kuigeuza.

"Pikipiki iko wapi?"

"Inafuata," mdogo akajibu akiwa anavaa viatu. "Huku wanaanza na gari. Ya pikipiki lazima wakuite kwanza wakuone barabarani, halafu wanaongeza. Ni utaratibu wao."

"Wataniita lini?"

"Wataita tu. Wakati tunasubiri, Kaka, nisaidie na hili gari. Dereva wangu ameniacha kwenye mataa."

Kaka akamsaidia mdogo wake, kama kawaida ya dunia. Kabla jua halijapanda alikuwa nyuma ya hoteli, kwenye milango ile ambayo wageni hawaijui, anapakia magunia ya mashuka yenye harufu za watu. Shuka chafu lina uzito wake, tena lile la hospitali usiliombe. Anayapeleka kiwandani, ambako mvuke unakupokea mlangoni na wanawake wenye glavu ndefu wanayamwaga kwenye mikanda bila kukutazama. Anapakia yaliyo safi, anarudi. Gari lilikuwa zito kwa usukani, na nyuma hakionekani kitu, limezibwa na magunia. Mdogo alikuwa anashughulika na simu na wateja. Jioni walikula pamoja, wakacheka, na Klachi akasema moyoni kwamba miezi kadhaa ya mashuka haijaua mtu.

Hospitali moja waliyoihudumia ilikuwa na ua wa nyuma, na kwenye kona ya ua huo palikuwa na kibanda cha bati. Hapo ndipo pikipiki za maabara zilipolala. Nyeupe, safi, kila moja na sanduku la baridi nyuma. Siku ya kwanza Klachi alipoziona alisahau kuteremsha mashuka. Alikwenda akasimama, mikono nyuma, anaziangalia kama mtu aliyekutana na jamaa zake stesheni. Mwendeshaji mmoja akawasha ya kwake, akaondoka ameshikilia klachi nusu, injini inalia. Klachi akasema peke yake, kwa Kiswahili, "Unaichinja hiyo."

Kutoka ndani ya kibanda mtu akacheka. Alikuwa mkubwa wa waendeshaji, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, ambaye utoto wake wote aliupitisha mpakani akicheza na watoto wanaosema Kiswahili. Lugha ilikuwa imeingia kutu lakini ilikuwepo.

"Huyo nimemwambia mpaka nimechoka," alisema. "Wewe unajua nini cha pikipiki?"

Basi hapo akawa amewasha moto. Klachi alimweleza, tangu sanduku la kwanza mpaka la mwisho, na mashuka ya hospitali yakachelewa. Tangu siku hiyo kila akipeleka mzigo alikunywa chai kibandani. Wazee wawili walizungumza matairi na mvua na namna ya kukaza mpira wa sanduku usilegee njiani. Mkubwa wa waendeshaji akampa pikipiki aizungushe humo uani, ambako si barabara na sheria haifiki. Klachi akaizungusha kati ya mapipa ya taka na gari la wagonjwa lililoegeshwa, polepole, mguu haugusi chini. Aliporudi macho yake yalikuwa na maji, akasingizia upepo, na mzee mwenzake akakubali kwamba kuna upepo.

"Sikiliza," akamwambia. "Mtu wangu mmoja anastaafu mwisho wa mwezi ujao. Nafasi yake naweza kukushikia mpaka siku hiyo, zaidi ya hapo wakubwa hawatanielewa. Lete kadi yenye pikipiki, mengine niachie mimi."

Klachi alirudi nyumbani siku hiyo akipiga mluzi. Shemeji alimwuliza kama ameokota nini. Akasubiri mdogo amalize kula, akampa habari. Mdogo alifurahi. Nasema alifurahi kwa sababu meno yalionekana.

"Kesho nitawapigia wale wa leseni," alisema.

Kesho mtandao wao ulikuwa umeanguka. Keshokutwa karani anayehusika alikuwa likizo. Wiki iliyofuata walisema wako kwenye foleni. Kisha mdogo akawa na mkutano, kisha akaumwa tumbo. Klachi alipigwa danadana mpaka mpira ukachoka. Na kila alipouliza, shemeji alikuwa anasimama, anakusanya vyombo ambavyo watu hawajamaliza kulia. Klachi aliliona hilo, akalimezea.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia akaona aibu kumwomba mdogo tena. Ndivyo alivyojiambia, kwamba ni aibu. Akamwomba mkubwa wa waendeshaji amsindikize.

Walikwenda asubuhi ya siku ambayo wote wawili hawakuwa na zamu. Viti vilikuwa vimefungwa pale pale. Namba ikaita, na nyuma ya kioo alikuwa yule yule mama wa miwani ya mnyororo. Alimtambua Klachi kabla hajaketi. Mzee mwenye ndevu akaeleza: huyu ndugu anasubiri kuitwa barabarani kwa ajili ya daraja la pikipiki, je, zamu yake lini?

Mama akabonyeza bonyeza, akasoma, akavua miwani. Akazungumza kwa muda mrefu, na alikuwa anamtazama Klachi, si mtafsiri. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasugua ndevu.

"Anasemaje?" Klachi akauliza, na safari hii hakukubali kuambiwa sawa. "Niambie yote kama alivyosema."

"Anasema hakuna foleni. Jina lako halipo popote." Mzee alikuwa anatafuta maneno, au alikuwa hayataki. "Anasema siku ile alimwuliza ndugu yako, mbona mna mihuri miwili mnabadilisha mmoja? Ndugu yako akasema gari tu. Akamwuliza mara ya pili. Akamwambia, mkiiacha pikipiki mpaka muda ukapita mmeiacha, haiongezwi tena. Ndugu yako akamjibu kwamba kaka yangu amezeeka, macho yamechoka, pikipiki alishaacha, sisi tunataka gari litoke leo."

"Macho yangu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na kijitabu changu?"

Mzee akauliza, akajibiwa. "Wanavirudisha kwa serikali za huko vilikotoka, vikiwa vimefutwa. Chako kimeshakwenda."

"Nikitaka kubadilisha upya?"

"Muda umekwisha. Anasema kama ungerudi peke yako hata mwezi wa pili tangu siku ile angekusaidia, muda ulikuwa bado upo. Sasa ni kuanza kama asiyejua. Darasa la sheria za barabarani kwa lugha yao, mtihani wa kuandika kwa lugha yao, halafu mwalimu, halafu barabarani." Akamgeukia Klachi. "Anasema pia samahani. Anasema siku ile alikutazama, akadhani umeelewa."

Klachi alimtazama yule mama, akatikisa kichwa kumwambia hapana, wewe huna kosa. Alijua wenye kosa hapo walikuwa wawili, na mmoja wao ni yule aliyeona vidole viwili vikiinuliwa na asigeuze shingo.

Nje mzee alimwambia kwamba angejifunza upya, kwamba mtu kama yeye asingeshindwa. Klachi akamshukuru. Wote wawili walijua hiyo lugha ingemchukua muda gani, na kwamba kile kiti hakimsubiri mtu.

Alimkuta mdogo wake jikoni, amekaa na simu, shemeji anakatakata vitunguu. Watoto walikuwa shule. Klachi hakuketi. Akaiweka ile kadi mezani, mchoro wa gari juu.

"Macho yangu yamechoka?" akauliza.

Mdogo akaitazama kadi. Alikuwa na uso wa kutosha kudanganya wiki nzima za simu, lakini ana kwa ana, kadi katikati, ukamwisha.

"Kaka, kaa chini nikueleze."

"Nieleze nikiwa nimesimama."

"Ya pikipiki ilikuwa inataka wakujaribu barabarani kwanza. Ni kusubiri miezi. Ukiomba zote mbili zinashikwa zote mbili. Ya gari peke yake ilikuwa inatoka upesi. Na dereva wangu alikuwa ameshaondoka, hoteli zinapiga simu, wangenivunjia mkataba. Nikasema hii kwanza, ile tutaona."

"Yule mama alikwambia hakuna kuona."

Shemeji aliacha kukata vitunguu, akasema bila kugeuka, "Nilimwambia akwambie. Mungu wangu shahidi, nilimwambia, na si mara moja." Akafuta uso kwa mkono wa gauni. Kwa vitunguu vile hakuna aliyejua analia au la.

"Halafu niliogopa pia," mdogo akaendelea, upesi, kama mtu aliyeona mlango. "Huku wenye pikipiki wanakufa, Kaka. Magari yanakwenda kasi. Wewe ndiye baba yangu, nisingeweza kukuzika ugenini."

"Hilo umelipata sasa hivi," Klachi akasema. "Usinibebeshe na hilo."

Mdogo akainamisha kichwa.

"Ulikuwa unataka dereva," Klachi akasema. Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Ungeniambia. Ungepiga simu ukasema, Kaka, gari limesimama, nimekwama, njoo uniendeshee. Ningekuja. Ningepanda ndege ile ile, ningekuendeshea mashuka yako mpaka upate mtu, na pikipiki yangu ingesubiri. Nimewahi kukukatalia nini mimi?"

Mtu anaweza kupekua maisha yake yote asipate siku kaka yake alipomkatalia kitu. Kilichomwuma Klachi ni hicho. Kuibiwa na mwenye njaa mtu anaelewa. Huyu alikwenda kuiba kwenye nyumba ambayo mlango wake haukuwahi kufungwa.

"Nisamehe, Kaka."

"Kesho hoteli ya kwanza ni saa ngapi?" Klachi akauliza.

Mdogo akainua uso, hakuamini. "Bado utaendesha?"

"Sasa nitafanya nini kingine?"

Na kweli, angefanya nini kingine? Kule nyumbani kiti chake kilishakaliwa, tena alimkalisha mtu yeye mwenyewe. Leseni ya kurudi nayo hana. Watoto wake wanasoma kwa hayo mashuka. Alimpigia simu mama watoto, akamwambia mambo ya pikipiki yamegoma kidogo, ataendelea na gari. Mama watoto akamwuliza kama anakula vizuri. Kuna wanawake ambao wangesema nilikwambia, na wangekuwa na haki. Yeye aliuliza chakula, na Klachi akakata simu upesi.

Mwezi ulipokwisha nafasi ile ilipata mtu wake, dada mmoja mwenye nguvu na haraka. Klachi alimwona siku ya kwanza akitoka uani na sanduku la baridi nyuma, mipira imelegea kidogo, klachi nusu, injini inalia kama inachinjwa. Mkubwa wa waendeshaji alikuwa mlangoni mwa kibanda, akamtazama Klachi, akisubiri kumsikia. Klachi aliinama akachukua gunia la mashuka, akaliweka begani, akaingia nalo ndani. Chai ya kibandani aliiacha pia. Si kwa ubaya, mzee yule hakumkosea kitu. Alishindwa tu kukaa karibu na zile pikipiki.

Mdogo, ili mjue hana roho ya mnyama, alijitahidi. Alimnunulia kaka yake koti zito. Alianza kutoka naye asubuhi kupakia, kazi ambayo zamani hakuigusa. Alileta hata kitabu cha sheria za barabarani na kusema atamfundisha lugha jioni. Klachi alisema ahsante kwa koti, ahsante kwa kitabu. Alimwitikia kila alipoitwa. Mezani alikula, na watoto waliendelea kumpanda mabegani. Mgeni angeingia nyumba ile asingeona ufa hata mmoja.

Ila nyuma ya ile hoteli ya kwanza kuna uchochoro mwembamba. Gari lazima lirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ukuta kulia, mapipa kushoto, na nyuma dereva haoni kwa ajili ya magunia. Siku ya kwanza waliyotoka pamoja mdogo aliruka chini, akakimbia nyuma ya gari, akasimama pale akichungulia huku na huku kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto wa shule. Akapiga bodi ya gari kwa kiganja mara mbili. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeona amepata pa kuanzia.

"Njoo tu," akaita. "Nyuma kweupe, Kaka."

Klachi akavuta breki ya mkono. Akazima injini. Akafungua mlango, akateremka, akalizunguka gari taratibu akampita mdogo wake. Akatazama ukuta, akatazama mapipa, akainama akatazama chini ya magurudumu. Kweli kulikuwa kweupe. Akarudi, akapanda, akawasha, akarudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni.

Kesho yake mdogo akasema tena, na Klachi akateremka tena. Ndivyo wanavyofanya mpaka leo.